Nyimbo Arobaini na Moja Zilizotoka Kabla Chai Haijachemka

Nina umri wa miaka hamsini na nne. Ni fundi redio hapa Kilwa Masoko, mume wa mke mmoja, baba wa binti mmoja na babu wa wajukuu watatu. Shule niliishia darasa la saba. Mengine yote yaliyomo kichwani mwangu nimeyaokota mwenyewe kwenye vitabu vilivyochakaa, kwenye redio za watu nilizozifungua na, kwa miaka mingi, kwenye intaneti ya simu ya mezani.

Nayataja haya mapema ili msinichukulie kuwa mtu mjinga. Laiti ningekuwa mjinga! Mjinga husamehewa. Mimi nilichokifanya nilikifanya nikiwa na akili zangu timamu, baada ya kufikiri kwa siku tatu, na ndiyo maana hadi leo nikijitazama kwenye kioo wakati wa kunyoa ndevu nayakwepa macho yangu mwenyewe.

Wengi wenu hamkuikuta intaneti ile. Kompyuta ilipiga simu kupitia waya uleule wa kuongelea, ikalia kama kuku aliyekabwa, kisha ukangoja. Picha ya mtu ilishuka mstari kwa mstari. Kwanza zilikuja nywele, baada ya muda paji la uso, na mara nyingi laini ilikatika kabla hujaufikia mdomo.

Kwa hiyo nilijiwekea utaratibu. Wiki nzima niliandika kwenye daftari maswali yangu na barua zangu. Jumamosi asubuhi niliunganisha, nikatuma, nikapokea, nikakata. Nilichopokea nilikisoma polepole hadi Jumamosi nyingine. Ndivyo nilivyojifunza umeme, ndivyo nilivyojifunza majina ya nyota, na ndivyo nilivyoanza kukusanya maneno ya Kimatumbi, lugha ya marehemu mama yangu, ambayo wajukuu wake hawaijui tena.

Katika kazi hiyo ya maneno ndipo nilipompata Bwana Shaweji. Jina hilo si lake. La kwake nalihifadhi, ingawa halistahili kuhifadhiwa. Alikuwa Dar es Salaam, alijiita mtafiti wa mila, na tuliandikiana kwa miaka sita bila kuonana uso kwa uso. Mimi nilimpelekea maneno, yeye alinipelekea sifa. Aliniita "profesa wa Kilwa". Ni nani aliyeishia darasa la saba ambaye hatapenda kuitwa profesa?

Sasa nimseme mke wangu, Mama Salima. Yeye alikuwa kungwi.

Kwa msomaji wa mbali nieleze. Kwetu msichana akivunja ungo huwekwa ndani, akafundwa na wanawake wenziwe usafi, heshima na namna ya kuishi na watu. Mafunzo hayo yamo ndani ya nyimbo. Mwanamume hazisikii. Hata mimi, mume wa kungwi, ngoma ilipoanza nilijua umbali wa kukaa. Nilichukua mkeka wangu nikaenda mahali ambapo mlio wa ngoma unafika lakini maneno hayafiki.

Mke wangu alifundishwa ukungwi na Bi. Somoe wa Kilwa Kivinje, bibi aliyepita miaka themanini, asiyejua kusoma wala kuandika. Nyimbo zote zilikuwa kichwani mwake, na kichwa kilikuwa kimeanza kuvuja. Leo alisahau ubeti, kesho alisahau jina la mwali aliyemfunda yeye mwenyewe. Mama Salima alikosa raha. Akaniomba nimtafutie kinasa sauti kidogo.

Kiangazi chote kile alikuwa akienda Kivinje. Bi. Somoe aliimba, mke wangu akaitikia, kinasa sauti kikiwa juu ya mto. Zikapatikana nyimbo arobaini na moja. Lakini kinasa kilijaa, na mahali pekee pa kuzihifadhi palikuwa kwenye kompyuta yangu. Ndipo nilipoitwa Kivinje, nikaketishwa mbele ya wanawake watano.

Bi. Somoe alinitazama, kisha akamgeukia mke wangu akacheka kwa fizi zake.

"Mwanangu, huyu tutamfanya kabati. Kabati unaliwekea nguo zako za ndani, wala halioni haya, wala halisemi."

Wanawake wakacheka, nami nikacheka. Nikala kiapo kuwa sitazisikiliza. Njiani wakati wa kurudi, Mama Salima alinirudia kiapo kile kwa maneno yake mwenyewe, bila kicheko: "Utaziweka, hutazifungua."

Nikaziweka. Nilizipa namba tu, moja hadi arobaini na moja, bila majina. Na niseme kweli, kiapo hicho nilikishika. Sikuwahi kufungua hata mmoja.

Kosa langu la kwanza lilikuwa mdomo. Katika barua moja ya Jumamosi nilimtajia Bwana Shaweji kwamba ninazo. Kwa nini nilimtajia? Nilitaka aone kwamba profesa wa Kilwa ana hazina. Jumamosi iliyofuata jibu lake lilikuwa likiningoja. Alizitaka. Alisema ndani ya nyimbo kama hizo hukaa maneno ya zamani ya Kimatumbi yasiyopatikana popote.

Nilimjibu kwamba laini yangu haiwezi kubeba sauti. Ilikuwa kweli kabisa. Siku moja nilijaribu kumpelekea sauti yangu mwenyewe nikitaja majina ya samaki, dakika tatu tu. Nilingoja saa nzima na nusu, kisha waya ukakatika na kazi yote ikapotea.

Aliniomba tena mwaka uliofuata, na mwingine, na mwingine. Kila mara nilimjibu vilevile.

Naomba msome hapa polepole, maana kila kitu kimo hapa... Sikumwambia sitaki. Nilimwambia siwezi. Miaka minne laini mbovu ilimkatalia kwa niaba yangu, nami nikajiona mwaminifu!

Kisha ukaja mkongo, waya wa intaneti ya kasi. Kampuni moja ilipitisha nyaya mtaani kwetu, na fundi wao akapanda ukutani kwangu, akatoboa tundu, akafunga kisanduku cheupe chenye taa za kijani. Alikuwa kijana wa Dar, mchangamfu.

"Mzee, hii kitu ni moto," aliniambia. "Unashusha sinema nzima chai haijapoa."

Mama Salima alimuuliza kama kisanduku kile kinasikia tunayoongea. Fundi akacheka, akamwambia, "Hapana mama, hicho hakina umbea." Mke wangu naye akacheka, akamwongezea mhogo kwenye sahani.

Nililiweka daftari langu juu ya kabati. Sikuwa na haja nalo tena. Picha zilifunguka zote kwa pamoja, nywele na mdomo. Wiki ile ya kwanza nilifungua vitu vingi kuliko nilivyofungua kwa miaka, na sikusoma hata kimoja hadi mwisho. Nilipaswa kuiona dalili hiyo. Sikuiona.

Nilimwandikia Bwana Shaweji kumpasha habari. Jibu lilikuja palepale, na lilikuwa fupi: "Hongera profesa. Sasa laini si tatizo. Au kuna tatizo lingine?"

Tatizo lingine! Hapo ndipo nilipopaswa kuandika neno moja. Lakini neno lile sikuwa nimewahi kulitumia, na nilipolitafuta sikulipata. Ningemwambiaje leo kwamba sitaki, ilhali kwa miaka minne nilimwambia siwezi? Angeniona mwongo. Niliogopa kuonekana mwongo mbele ya mtu nisiyemjua hata sura.

Nilifikiri siku tatu, kwa utaratibu kama kawaida yangu. Nikakiweka kiapo mezani, nikakipima kama mtu anayepima betri. Niliapa nini? Niliapa sitazisikiliza. Basi sizisikilizi. Nitakayempa ndiye atakayesikiliza, na yeye hakuapa. Tena ni kwa ajili ya elimu. Tena nitamwambia asimpe mtu.

Mnaiona akili hiyo? Inapendeza kwa unadhifu wake, kama sahani iliyooshwa ambayo chini yake kuna mende.

Siku ya nne asubuhi, Mama Salima alikuwa jikoni akipika vitumbua. Birika la chai lilikuwa limetoka tu kuwekwa mekoni. Niliziweka alama zote arobaini na moja, nikabonyeza. Nilijiandaa kungoja. Nilikuwa hata nimevuta kiti. Lakini mstari ule wa buluu ulikimbia kutoka kushoto kwenda kulia, na kompyuta ikaniambia kazi imekwisha.

Nikamsikia Mama Salima akiniita kutoka jikoni, "Baba Salima, vuta subira, chai bado haijachemka."

Akaniletea baadaye. Nilikula vitumbua vinne. Nilimshukuru.

Zilipita kama wiki tatu. Nilikuwa kwa kinyozi, sabuni ikiwa shavuni. Nyuma yangu walikaa wanaume wanne wakisubiri zamu, mmoja wao akiwa na simu. Ikatoka ngoma ya haraka, ile ya vijana, ya kompyuta. Juu yake ikapanda sauti ya kikongwe, imeharakishwa hadi ikawa kama ya panya. Nyuma ya kikongwe akaitikia mwanamke mwingine.

Sauti hiyo ya pili huniamsha kila siku kwa ajili ya sala ya alfajiri.

Wale wanaume walikuwa wakicheka. Mmoja akarudisha nyuma, akarudia ubeti, akajaribu kuufasiri kwa maneno machafu ambayo sitayaandika. Mwingine akasema, "Huyu si Bi. Somoe wa Kivinje? Amemfunda mke wangu huyu. Kumbe ndiyo wanayofundishwa!" Wakacheka tena. Mimi nikiwa na sabuni shavuni. Niliinuka kitini, nikatoka.

Nilifika nyumbani nusu nimenyolewa, nikampigia Bwana Shaweji. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuisikia sauti yake, na ilikuwa sauti ya kawaida tu, ya mtu aliyeshiba. Aliniambia yeye aliziweka kwenye ukurasa wake wa utafiti, na waliozitia ngoma ni watoto wa mjini, yeye hahusiki. Nikamkumbusha kwamba nilimwomba asimpe mtu.

"Kaka, punguza ushamba," akasema. "Elimu haiwekewi pazia. Kwanza unajua wangapi wamezisikiliza? Nishukuru."

Alikubali kuzifuta kwake. Kufuta kwake kulikuwa kama kufuta ubao wakati darasa zima limeshanakili. Nilipoutazama ukurasa ule kabla hajaufunga, niliona picha ya wanawake wanaocheza, wala si wa kwetu, na jina lake limeandikwa kubwa kama mgunduzi. Jina la Bi. Somoe halikuwemo. Langu pia halikuwemo. Nami... Mungu anisamehe... kwa dakika moja nzima liliniuma hilo la jina langu kabla halijaniuma la mke wangu.

Mama Salima aliyajua sokoni. Alifika kwenye meza za samaki, mwanamke mmoja akamwonyesha simu. Alirudi kikapu kikiwa kitupu. Alisimama mlangoni pa chumba cha kompyuta, hakuingia, akauliza nani alizitoa.

Nikaanza kueleza. Nikamwambia sijafungua hata mmoja, kiapo changu nimekishika.

"Sikukuuliza kama ulisikiliza," akasema. "Nimekuuliza nani alizitoa."

Nikamwambia ni mimi. Alizitazama zile taa za kijani, kisha akaenda kuuzima moto jikoni. Hakupiga kelele. Hajapiga kelele hadi leo.

Wanawake wa ukungwi walikutana uani kwa Bi. Somoe. Nilimsindikiza mke wangu, nikaachwa barabarani. Aliporudi kwangu hakuwa na ngoma yake ndogo, ile aliyokabidhiwa miaka kumi na tisa iliyopita. Kwa maneno machache alinieleza uamuzi wao. Yeye hataingia tena ndani kwa mwali yeyote. Na nyimbo zile arobaini na moja zimekufa. Wimbo ukishasikiwa na wanaume, tena wakaucheka, haumfundi tena msichana. Hauwezi kuingia ndani ukitokea kwa kinyozi.

Mnaelewa maana yake? Tulizinasa ili zisife. Bi. Somoe angeendelea kuzisahau mmoja mmoja, na mke wangu angezishika. Mimi niliziua zote asubuhi moja, birika likiwa mekoni.

Nilirudi peke yangu kumwomba bibi yule radhi. Alikuwa kwenye kibaraza, akichambua mchele kwa vidole. Nikavua kofia, nikainama.

"Shikamoo, bibi."

Hakujibu. Nikadhani hakusikia, nikarudia. Alichambua punje moja, na nyingine. Katika maisha yangu yote hakuna mtu mzima aliyewahi kuiacha shikamoo yangu ikaning'inia hivyo. Nilisimama pale, mtu wa miaka hamsini na kitu, kama mtoto aliyejikojolea mbele za watu. Mwishowe akasema, bila kuniangalia, akiuambia mchele: "Kabati limeota mdomo."

Nikaondoka.

Nilidhani huo ndio mwisho wa adhabu. Haukuwa mwisho.

Mjukuu wangu mkubwa, Zuhura, mtoto wa binti yetu Salima, alikuwa amevunja ungo mwaka huohuo. Mke wangu alikuwa akimngoja msichana yule tangu alipozaliwa. Alishamwekea kanga mbili sandukuni. Lakini hapa Kilwa hakuna mama aliyekubali binti yake afundwe pamoja na Zuhura, kwa kuogopa kwamba nyumba yetu ina masikio. Ikabidi Salima ampeleke kijiji cha Sudi, kwa ndugu za mumewe, afundwe na makungwi wa huko.

Tulikwenda wakati wa likizo, korosho zikiwa zimekwisha kuuzwa. Wenyeji walitupokea vizuri, walitupa wali na samaki. Lakini habari zetu zilikuwa zimetutangulia. Siku ya kumtoa mwali, wanawake waliweka tenga mlangoni pa ua. Kila aliyeingia aliacha simu yake humo. Halafu kungwi wao, mama mmoja mpole, akamwendea mke wangu, akamshika bega, akamwomba kwa adabu sana akae nje na tenga lile, alilinde.

Kungwi wa miaka kumi na tisa! Siku ya mjukuu wake, kazi yake ilikuwa kulinda simu.

Alilibeba tenga hadi mahali nilipokuwa nimetandika mkeka wangu, ule umbali wa wanaume, akaketi kando yangu. Ngoma ikaanza. Niliuona mguu wake ukifuata mapigo, kisha akaukunja chini ya kanga ukatulia. Maneno hayakutufikia. Kwa mara ya kwanza tangu tuoane tulisikia kitu kilekile.

Ndipo simu moja ndani ya tenga ikalia.

Haikulia kengele. Ililia ngoma ile ya kompyuta, na juu yake sauti ya Bi. Somoe kama ya panya, na nyuma yake mke wangu akiitikia. Mtu fulani, mwanamke, aliyekuwa ndani akimfunda mjukuu wetu heshima, alikuwa ameufanya wimbo ule mlio wa simu yake. Na pengine hakujua hata ni nini!

Mama Salima aliingiza mikono miwili ndani ya tenga. Akazipekua, akaibua hii, akaibua ile, zote nyeusi, zote zinafanana. Sauti yake mwenyewe ikazidi kuimba kutoka chini. Wanaume waliokaa pale wakageuka. Alivua kanga ya mabegani akaifunika juu ya tenga, akalilalia kwa kifua.

"Baba Salima," akasema, "wewe ni fundi. Zima."

Nilitia mkono. Nami sikuipata. Ililia hadi ikachoka yenyewe.

Tumerudi Kilwa. Kisanduku cheupe bado kiko ukutani. Nilitaka kukikata, mke wangu akaniambia nikiache, kukikata hakutamrudishia kitu. Ananipikia, ananiitikia salamu. Jambo moja ameacha. Zamani alikuwa akiimba kwa sauti ya chini akiwa jikoni. Sasa jikoni kwetu husikika mafuta tu.

Ndugu wasomaji, siwaambii mwogope intaneti ya kasi. Waya hauna dhambi. Nawaomba jambo moja dogo. Kama nyumbani kwako kuna kitu cha watu ulichoaminiwa, na yupo mtu anakuomba, usimwambie huwezi. Usisingizie mtandao, usisingizie umeme, usisingizie simu mbovu. Vitu hivyo vyote siku moja vitatengemaa, na siku hiyo utasimama mbele ya huyo mtu bila neno mdomoni, kama nilivyosimama mimi.

Mwambie hutaki. Mwambie leo, kabla fundi hajaja kukufungia laini mpya.